Jinsi ya kuchora ramani ya utabiri wa barafu ya Aktiki kwa QGIS, ukiwa na laptopu ya kawaida na bando la kuungaunga

Ramani yangu ya kwanza ya barafu ya Aktiki ilionesha Greenland yote pamoja na Urusi yote ya kaskazini zina barafu asilimia 254. Nikaiangalia, nikaona imependeza kinoma, nikamtumia rafiki yangu anayefundisha jografia sekondari, akanijibu kwa voisi ya sekunde mbili tu: "Kaka, asilimia 254?" Nikaifuta kimya kimya. Hayo yote ntaeleza huko chini yalitokeaje maana na wewe yatakukuta.

Niseme mapema, hapa Dar barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu ya watoto na yale mabonge ya Feri ya kuhifadhia samaki, mi mwenyewe sijawahi kuona bahari imeganda. Nimeingia humu kwa sababu nyingine kabisa. Kila Masika kwenye grupu letu la mtaa lazima mtu arushe ramani ya mvua, ina rangi nyekundu za kutisha, watu wa bondeni wanaanza kupandisha magodoro juu ya kabati, afu baadae mmoja mwenye macho makali anagundua ile picha ni ya mwaka juzi. Haina tarehe. Au ina tarehe moja na hujui kama ndo siku ilipotolewa au ndo siku inayotabiriwa. Nikasema ngoja nijifunze kutengeneza ramani ya utabiri mwenyewe tangu mwanzo nijue inavyopikwa jikoni, na data za barafu ya Aktiki ndo nilizikuta ziko wazi, za bure, zinatoka kila siku, na raha yake ukikosea hakuna mtu wa Magomeni atakayehama nyumba kwa sababu ya barafu ya Svalbard, visiwa vya Norwe kule kaskazini. Ukishaweza hii, ya mvua ni njia ileile.

Programu ni QGIS, ya kuchora na kuchambua ramani. Ni ya bure kweli, sio ile bure ya siku 30, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na hapa mjini watu wengi waliopita kwenye Ramani Huria kuchora mitaro na maeneo ya mafuriko wanaijua vizuri. Chukua toleo linaloitwa LTR, ndo lile la kudumu lisilobadilikabadilika. Faili lake la Windows linapita GB 1, kwahiyo kama bando lako ni la mawazo tafuta mtu mwenye nalo akuwekee kwenye flashi. Pembeni unaweza kuweka Panoply ya NASA, nayo bure, inataka Java, mi naitumia kuchungulia tu: unafungua faili, unaona ndani kuna nini na namba zinaanzia wapi, unafunga. Mapishi yenyewe ni QGIS.

Kwanza ujue unachora nini

Data nyingi za barafu ya bahari zinatoa kitu kinaitwa mkusanyiko wa barafu. Chukua deli la samaki pale Feri, weka maji, tumbukiza mabonge ya barafu, simama juu yake uangalie chini: kama nusu ya unachokiona ni barafu na nusu ni maji, mkusanyiko ni asilimia 50. Unene haumo humo. Barafu ya sentimita kumi na barafu ya mita tatu zote zinaweza kuwa asilimia 100, unene una data yake nyingine.

Afu kuna eneo la barafu, hili ndo linalotajwa sana kwenye habari, na linahesabiwa hivi: kila kipande cha ramani chenye mkusanyiko wa asilimia 15 au zaidi kinahesabiwa chote kuwa cha barafu, chini ya hapo ni bahari. Kwahiyo ule mstari wa asilimia 15 ndo ukingo wa barafu, ukumbuke, tutauchora. Barafu inakuwa nyingi zaidi mwezi wa tatu na chache zaidi mwezi wa tisa. Rekodi ya chini kabisa tangu satelaiti zianze kupima 1978 ni ya Septemba 2012, kama kilomita za mraba milioni 3.4. Inasikika kubwa, ni kama Tanzania tatu na nusu hivi, lakini mwezi wa tatu inafika Tanzania kama kumi na tano, kumi na sita, kwahiyo jionee mwenyewe inavyopumua kila mwaka.

Anza na data iliyopimwa, sio utabiri

Najua una haraka ya utabiri ila nisikilize. Anza na kilichopimwa kwanza kwa sababu mafaili yake ni madogo na hayana ujanja mwingi. Yapo kwa NSIDC, kituo cha data za theluji na barafu cha Boulder, Colorado. Data inaitwa Sea Ice Index, namba yake ni G02135, hautaki hata akaunti, unaingia kwenye folda ya north, afu daily, afu geotiff, unachagua mwaka na mwezi. Kila siku ina faili lake la mkusanyiko, hata MB moja halifiki, maana ni gridi ya pikseli 304 kwa 448 na kila pikseli ni kilomita 25. Chukua siku moja ya mwezi wa tisa na moja ya mwezi wa tatu.

Buruta faili udondoshe kwenye QGIS. Inajipanga yenyewe, projeksheni (jinsi dunia ilivyotandazwa kwenye ramani) inaijua. Na hapa ndo asilimia 254 ilipozaliwa. Mle ndani namba zimezidishwa kwa kumi, yaani 1000 ni asilimia 100, 150 ni asilimia 15. Sasa kuna namba nyingine ambazo sio barafu kabisa, ni kodi, yaani namba za alama tu: 2510 ni lile tundu la ncha ya kaskazini ambalo satelaiti haipiti juu yake, 2530 ni ukanda wa pwani, 2540 ni nchi kavu, 2550 ni data haipo. Mi nikagawa kwa kumi fasta fasta, nchi kavu ikawa barafu asilimia 254, na kwa vile niliweka rangi kubwa iwe nyeupe ikapendeza kuliko barafu yenyewe.

Dawa yake ipo kwenye kalkuleta ya rasta (rasta ni ramani iliyoundwa kwa pikseli), menyu ya Raster, "Raster Calculator". Leya yako, yaani lile faili ulilodondosha, ipe jina fupi, mi naiita barafu, afu andika hivi:

("barafu@1" / 1000) / ("barafu@1" <= 1000)

Ule ujanja wa kugawa mara ya pili: pale ambapo namba ni barafu halali jibu la kwenye mabano ni 1 kwahiyo hakuna kinachobadilika, pale ambapo ni kodi jibu ni 0, na QGIS ikikuta kugawa kwa sifuri inaacha pikseli tupu. Nchi kavu inapotea, unabaki na bahari tupu kuanzia 0 mpaka 1. Na kabla hujachora data yoyote ile, sio hii tu, fungua "Properties" uangalie namba kubwa kabisa ni ngapi. Ukikuta asilimia ina 2550 ujue kuna mgeni humo ndani.

Projeksheni, yaani jinsi ya kuitandaza dunia

Ukichora Aktiki kwenye ramani ya kawaida ya intaneti, ile ya Mercator, umekwisha. Kwenye ile ramani Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika wakati Afrika ni kubwa mara 14, na ncha yenyewe haipo kabisa, ramani imekatwa kwenye nyuzi 85 na kitu. Unachotaka ni kuiangalia dunia kutokea juu kama mtu anayechungulia sufuria. Kona ya chini kulia ya QGIS kuna maandishi yameandikwa EPSG na namba, ndo namba ya projeksheni, bonyeza, tafuta 3413, okei. Dunia inageuka mbele ya macho yako, ncha katikati, Greenland kwa chini.

Ila hii 3413 imepangwa kwa wakazi wa huko, mstari unaoshuka chini katikati ni longitudo 45 magharibi. Mi nimetengeneza ya kwangu ya Dar. Nenda "Settings", "Custom Projections", bandika hii:

+proj=stere +lat_0=90 +lat_ts=70 +lon_0=39 +datum=WGS84 +units=m

Hiyo 39 ni longitudo yetu. Sasa ukichora, mstari unaotoka ncha ya kaskazini kushuka chini moja kwa moja ndo unaokuja mpaka Dar, zaidi ya kilomita 10,000. Ukiufuata huo mstari, pwani ya kwanza unayokutana nayo ni ya rasi ya Kola ya Urusi, afu Bahari Nyeupe, karibu na Arkhangelsk, yaani hao ndo majirani zetu wa longitudo. Ile ramani ya mwalimu darasani nimempa kwa mtindo huu, wanafunzi wanajua kabisa "sisi tuko huku chini", hamna kujiuliza ramani imekaa upande gani.

Nchi kavu usidaunlodi chochote. Kwenye kale kaboksi ka koodineti chini ya skrini andika neno world afu bonyeza enta, QGIS inaleta ramani ya nchi zote iliyokuja nayo tayari. Nilivyogundua hiyo nilikuwa nimeshamaliza bando kushusha ukanda wa pwani wa dunia nzima, basi tu. Antaktika itakusumbua kwenye mtazamo huu, inavimba inakuwa pete kubwa inayozunguka kila kitu, ichuje uitoe.

Sasa utabiri wenyewe

Wanaotabiri barafu ni wengi. Mi natumia wa Copernicus Marine, huduma ya bahari ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu akaunti ni bure na unachagua kipande unachotaka badala ya kubeba faili zima. Kwenye sehemu ya kutafuta bandika ARCTIC_ANALYSISFORECAST_PHY_002_001. Hii inaendeshwa na Wanorwe, modeli (programu ya kompyuta inayokokotoa bahari itakuwaje) inaitwa TOPAZ, inaunganisha modeli ya bahari ya HYCOM na modeli ya barafu ya CICE ambayo asili yake ni maabara ya Los Alamos, upepo inaupata kwa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Kilichonifurahisha, haiendeshi dunia moja, inaendesha dunia 100 sambamba zilizotofautiana kidogo kidogo, afu vipimo vya satelaiti vinatumika kuzirudisha zote kwenye mstari. Inatoa siku kumi mbele, pikseli yake ni kama kilomita 6, kwahiyo ni kali kuliko ile ya 25 tuliyoanza nayo.

Kwenye fomu ya kudaunlodi chagua wastani wa siku, usichague wa kila saa labda kama bando analipa shemeji. Vigezo weka tiki kwenye siconc peke yake, ndo mkusanyiko. Ukitaka na unene chukua sithick. Usiguse joto la maji wala chumvi wala mikondo, hizo zina kina cha bahari ndani yake na faili litavimba mara nyingi. Siku chagua kuanzia leo mpaka mwisho wanapofika.

Halafu jambo ambalo watu wengi wanapita bila kuliona. Hawa jamaa wanaweka siku zilizopita na siku zijazo kwenye mnyororo mmoja, na kila modeli ikikimbia upya, utabiri wa zamani unafutwa na mpya unakaa palepale. Maana yake tarehe 10 uliyoidaunlodi leo tarehe 3 na tarehe 10 utakayoidaunlodi wiki ijayo ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Faili halikwambii. Kwahiyo faili likishashuka tu, kabla hata hujalifungua, libadilishe jina uweke siku ulipolichukua, mi naandika hivi: siconc_toleo_20250903.nc. Nilipoteza wiki mbili za kazi kwa kutofanya hivyo, nilikuwa na mafaili manne kwenye desktopu sijui lipi ni la lini, yote nikayafuta kwa hasira.

Faili linakuja kwa mtindo wa NetCDF. Buruta uweke QGIS, itakuuliza unataka kigezo gani, chagua siconc. Kila siku inakuwa bendi moja, bendi ya 1 ni siku ya kwanza na kuendelea.

Hapa kaa vizuri maana hapa ndo watu wanaachia njiani. Fungua "Properties", "Information", angalia mstari wa Extent, yaani mipaka ya ramani. Kama namba ziko kwenye mamilioni, shukuru Mungu, hizo ni mita, endelea. Lakini kuna mafaili ya TOPAZ ambayo koodineti zake ziko kwa mamia ya kilomita, yaani 38 inamaanisha kilomita 3,800. Langu la kwanza lilikuwa hivyo, x kuanzia −38 mpaka 38, y kuanzia −55 mpaka 55, QGIS ikajua ni nyuzi za kawaida, ikaichukua Bahari ya Aktiki nzima ikaitandika juu ya Afrika, ncha ya kaskazini ikawa Ghuba ya Guinea na ukingo wa kulia wa faili ukaishia Morogoro. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulinusurika Dar kwa nyuzi moja tu.

Kurekebisha, ukiwa Windows fungua OSGeo4W Shell, dirisha la kuandika amri ambalo limekuja na QGIS, nenda kwenye folda yako, andika yote kwa mstari mmoja:

gdal_translate -a_srs "+proj=stere +lat_0=90 +lat_ts=90 +lon_0=-45 +R=6378273 +units=m" -a_ullr -3800000 5500000 3800000 -5500000 NETCDF:"siconc_toleo_20250903.nc":siconc barafu_sawa.tif

Zile namba nne baada ya -a_ullr ni kushoto, juu, kulia, chini, na zangu ni mfano tu, chukua za kwenye Extent yako uzidishe kwa 100,000. Na hiyo R ni nusu kipenyo cha dunia kwa mita, modeli hii inaihesabu dunia kama mpira wa duara kamili wakati sisi tumezoea ile iliyobonyea kidogo. Usinikubalie kwa maneno, kwenye hiyohiyo Information kuna maelezo ya projeksheni ambayo waliotengeneza faili wameyaandika, yasome, ukikuta tofauti fuata ya kwao. Utajua umepatia pale barafu itakapokumbatia pwani ya Greenland bila kupanda nchi kavu. Ikiwa imesogea hata kidogo, jua projeksheni bado.

Rangi sasa, hapa sitakaa sana maana kila mtu na macho yake. "Symbology", chagua "Singleband pseudocolor", bahari bluu iliyokolea, barafu nyeupe, usiweke upinde wa mvua tafadhali, nyekundu na njano zinamfanya mtu aone hatari pasipo na hatari, ndo yaleyale ya grupu la mtaa. Badala ya rangi inayofifia taratibu mi naweka madaraja, kwa kufuata yale ya mabaharia ambao wanahesabu kwa sehemu za kumi: chini ya moja ya kumi ni maji wazi, moja mpaka tatu ni barafu chache sana, nne mpaka sita ni ya kuachana, saba na nane imebanana, tisa na kumi imebanana kabisa. Mtu aliyesoma ubaharia akiiona anaelewa bila maelezo. Ukichora unene, ficha kwanza sehemu zenye mkusanyiko chini ya 0.15, la sivyo unaonesha unene wa barafu ambayo kimsingi haipo. Barafu ya mwaka mmoja kwa kawaida inaishia kama mita mbili, ikipita tatu hiyo ni ya miaka mingi au imesukumwa ikapandana.

Mstari wa ukingo: "Raster", "Extraction", "Contour", kwenye sehemu ya vigezo vya ziada weka -fl 0.15. Upe rangi ya chungwa mstari mwembamba. Ukichora wa leo na wa siku ya kumi pamoja kwenye ramani moja unaona kabisa barafu inakimbilia wapi, hasa pale kati ya Greenland na Svalbard, mlango wa Fram, ambako barafu nyingi ya Aktiki inatokea kwenda kuyeyukia Atlantiki.

Kuifanya itembee

Toka toleo la 3.14 QGIS ina kifaa cha muda, kile cha kwenye alama ya saa, Temporal Controller. Matoleo mapya yanaweza kupanga muda kwa kila bendi ndani ya leya moja. Kama lako ni la zamani, toa kila bendi iwe faili lake kwa gdal_translate -b 1, afu -b 2, mpaka kumi, kila leya ingia "Properties", "Temporal", weka tiki, chagua "Fixed Time Range", jaza siku yake. Ni kazi ya mkono, chemsha chai, leya kumi ni nusu saa.

Angalia na saa. Muda wa mle ndani ni UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu. Saa sita usiku ya UTC kwetu ni saa tisa usiku, na saa sita mchana yao kwetu ni saa tisa alasiri, kwahiyo ukiwa na data za kila saa na ukazipeleka kwa Waswahili, andika wazi unahesabu kwa saa ya wapi. Kwa wastani wa siku haina shida sana.

Sasa tarehe zenyewe, ndo kisa cha haya yote. Nenda "View", "Decorations", "Title Label", bandika hivi:

Utabiri wa siku ya [% format_date(@map_start_time, 'dd/MM/yyyy') %], umetolewa 03/09/2025

Ya kwanza inabadilika yenyewe video inavyotembea, ya pili unaiandika kwa mkono na haibadiliki. Fonti iwe kubwa, ikae ndani ya picha. Usiiweke kwenye maelezo ya chini ya WhatsApp maana picha ikifowadiwa mara mbili yale maelezo yamebaki nyuma, na hapo ndo ramani inageuka yatima inazurura mpaka Masika ya mwaka kesho kutwa.

Kile kialama cha kusevu kwenye kifaa cha muda kinatoa picha, fremu moja kwa kila siku. Ziunganishe ziwe video kwa ffmpeg, programu ya bure ya video:

ffmpeg -framerate 2 -i barafu%04d.png -pix_fmt yuv420p barafu.mp4

Ikikataa ikalalamika kuhusu 2, ni kwamba upana au urefu wa picha ni namba witiri, rudi utoe picha za 1200 kwa 900 au chochote kinachogawanyika kwa mbili.

Je utabiri ulipatia?

Hii sehemu ndo naipenda kuliko zote na sijui kwa nini watu hawaifanyi. Umehifadhi toleo la leo, si ndio? Subiri siku saba. Rudi NSIDC uchukue kilichopimwa siku hiyo, kipitishe kwenye ile kalkuleta ya kutoa kodi. Utabiri wako una pikseli za kilomita 6 na kile cha NSIDC 25, havitoani hivyo hivyo, kwahiyo tumia "Warp" kuupeleka utabiri kwenye EPSG:3411, pikseli 25000, njia ya Average, na mipaka chagua iwe sawa na leya ya NSIDC. Afu utabiri toa kilichopimwa. Sehemu zilizobaki karibu na sifuri imepatia. Utaona makosa mengi yamejipanga ukingoni kama pindo la kanga, katikati ni shwari, na hiyo ni kawaida, ukingo ndo unaosukumwa na upepo. Kiangazi uwe na huruma kidogo na modeli, maana juu ya barafu kunakuwa na madimbwi ya maji yaliyoyeyuka na satelaiti inayaona kama bahari, kwahiyo aliyekosea anaweza kuwa mpimaji.

Lakini usiishie hapo. Chukua na kilichopimwa siku ile ulipodaunlodi utabiri, yaani siku saba nyuma, nacho kitoe kwa kilichopimwa leo. Huu naita utabiri wa mvivu: mtu aliyelala kwenye kochi akasema wiki ijayo barafu itakuwa vilevile kama leo. Barafu haina haraka, kwahiyo mvivu anapatia sana, siku ya kwanza na ya pili kumshinda ni shughuli. Kwa kila kimoja geuza hasi ziwe chanya, tafuta wastani kwenye "Raster layer statistics", linganisha. Ukitaka kulinganisha eneo kwa kilomita za mraba, hamishia vyote kwenye EPSG:6931 kwanza, ile inatunza ukubwa wa maeneo wakati stereografia, yaani ile projeksheni ya 3411 na 3413, inadanganya kidogo kadri unavyosogea mbali na nyuzi 70, tengeneza rasta ya ndio na hapana kwa >= 0.15, pitisha kwenye "Raster layer unique values report", inakupa mita za mraba, gawa kwa milioni.

Na kama wewe ni wa miezi sio siku, kuna wanasayansi ambao tangu 2008 kila mwezi wa sita, wa saba na wa nane wanakusanya makadirio ya vikundi mbalimbali kuhusu Septemba itakuwaje, inaitwa Sea Ice Outlook. Pale utaona watu wenye kompyuta za mamilioni ya dola wanapishana vibaya kati yao, inatia moyo sana ukiwa na RAM ya GB 4.

Mi saivi kila Jumatano usiku, umeme ukiwepo, nachukua toleo jipya, napima lile la wiki iliyopita, naandika mshindi kwenye daftari: M wa modeli au V wa mvivu. Mwalimu kachukua ile ya longitudo 39 kaiweka ukutani darasani, kaniambia wanafunzi wamemuuliza swali moja tu, kwa nini imeandikwa tarehe mbili.